Gia Zinazokatika, Mota Inayochemka: Maswali ya Wasomaji Kuhusu Gari la Rimoti

*Safari hii tumeyakusanya maswali yanayohusu njia ya nguvu, yaani kila kitu kilichoko kati ya mota na tairi: pinioni (gia ndogo iliyo kwenye shafti ya mota), gia kubwa inayozungushwa na pinioni, slipa (klachi inayoteleza mshtuko ukizidi), difu (difrensho, inayoruhusu magurudumu mawili kuzunguka kwa kasi tofauti), beringi na shafti.*

Gari langu ni la kipimo cha 1/10 (sehemu moja ya kumi ya gari halisi), husukumwa na magurudumu ya nyuma. Tangu nitoe mota ya brashi nikaweka isiyo na brashi pamoja na betri ya seli 3, gia kubwa ya plastiki imekatika meno mara mbili ndani ya mwezi mmoja. Je, ninunue ya chuma? – Msomaji, Lanet, Nakuru

Usikimbilie ya chuma. Hiyo gia ya plastiki ndiyo fyuzi ya gari lako. Ukiweka isiyokatika, mshtuko ule ule utahamia kwenye gia za ndani ya giaboksi, kwenye ekseli au kwenye shafti ya mota, na huko utalipa zaidi na kufungua zaidi. Tafuta kinachoikata.

Kama hujaitupa gia iliyoharibika, ichukue uitazame penye mwanga. Ikiwa imenyolewa mahali pamoja tu, meno manne au matano yameisha na mengine ni mazima kabisa, basi magurudumu yalikwama ghafla huku pinioni ikiendelea kuzunguka pale pale. Chanzo huwa slipa iliyokazwa kupita kiasi, au kijiwe kilichoingia kati ya gia mbili. Ikiwa meno yamelika mzunguko mzima na ncha zake zimekuwa nyembamba, gia zilikaa mbali mno, au pinioni yenyewe imekwisha. Ikiwa yamelika upande mmoja wa upana wake, mota imefungwa ikiwa imeinama. Na ukiona plastiki imeyeyuka karibu na kitovu, hilo ni joto la slipa.

Kabla ya yote, hakikisha pinioni na gia kubwa ni za kipimo kimoja cha meno. Wengi wanaobadilisha mota hukosea hapa, maana pinioni mpya huja na mota na wao huifunga tu. Magari mengi ya 1/10 hutumia gia za 48, za 32 (yaani meno kwa kila inchi ya kipenyo) au za moduli 0.6 (yaani milimita za kipenyo kwa kila jino). Kupata moduli, gawanya 25.4 kwa namba ya gia: ya 48 ni moduli 0.53, ya 32 ni 0.79. Kwa hiyo gia ya 32 na ya moduli 0.8 huendana bila shida, lakini ya 48 na ya 0.6 hazipatani hata kama kwa macho zinafanana. Zitazunguka vizuri mezani, kisha zitanyoana dakika ya tano uwanjani. Ukiwa na shaka, pima kipenyo cha nje cha pinioni kwa kalipa. Mafundi wengi wa jua kali wanayo. Pinioni ya meno 20 ya 48 hupima takriban milimita 11.6, ya moduli 0.6 ni 13.2, na ya 32 ni karibu 17.5.

Sasa nafasi kati ya gia. Kata ukanda wa karatasi ya daftari, upana wa sentimita moja na urefu wa sita hivi. Legeza skrubu mbili za mota. Ingiza karatasi kati ya pinioni na gia kubwa, isukume mota hadi meno yaishike karatasi, kisha kaza skrubu huku umeishikilia mota pale pale. Zungusha gia kwa kidole mpaka karatasi itoke upande wa pili. Iangalie: inapaswa kuwa na mikunjo ya zigizaga iliyokolea, lakini isiwe imetoboka. Ikitoka na vitobo, gia zimebanana. Ikitoka na alama hafifu tu, ziko mbali.

Usiishie hapo. Gia ya plastiki si duara kamili, kwa hiyo zuia pinioni kwa kidole gumba na utikise gia kubwa kidogo kidogo, kisha zungusha robo na urudie, hadi umalize mzunguko. Kila mahali lazima usikie kichezo kidogo sana, mguso mwepesi wa jino kwa jino. Ukipata mahali ambapo hakuna kichezo kabisa, pima upya kwa karatasi pale pale, kwenye sehemu iliyobana zaidi. Na kama gia kubwa inayumba kulia na kushoto kwenye shafti yake, acha karatasi kwanza: beringi za shafti hiyo zimekwisha na hakuna kipimo kitakachodumu.

Skrubu za mota nazo hulegea kwa mtetemo. Zisafishe mafuta kwa spiriti, weka tone dogo la gundi ya nyuzi ya bluu, na uiache ikauke usiku kucha. Gundi hiyo ni ya chuma kwa chuma. Isiguse plastiki, maana baadhi ya plastiki hupasuka ikiigusa.

Mwisho ni slipa, ambayo kwa betri ya seli 3 ndiyo inayookoa gia. Volti zimepanda kutoka 7.4 hadi 11.1, yaani mota inazunguka kwa kasi ya nusu zaidi ya ile ya seli 2, na gari linapotua kutoka hewani magurudumu yakiwa yanazunguka kwa nguvu, ardhi huyashika ghafla. Slipa ndiyo inayotakiwa kuteleza wakati huo. Kwa slipa yenye springi moja, kaza nati hadi springi ikaribie kufunga, kisha irudishe nyuma kati ya nusu na robo tatu ya mzunguko. Nenda kwenye murram, liondoe gari kwa nguvu zote. Unataka kusikia mlio mfupi wa kuteleza kwa sentimita 30 hadi 60 za mwanzo, kisha kimya. Ukisikia mlio unaendelea mita mbili au tatu, kaza robo mzunguko. Usipousikia kabisa, legeza robo. Ukinusa harufu ya kuungua, fungua. Pedi zilizong'aa kama kioo zisugue kwa msasa wa namba 400, zifute kwa spiriti, na usizirudishe zikiwa na alama ya grisi.

Niliongeza pinioni kutoka meno 17 hadi 23 ili gari likimbie. Linakimbia kweli, lakini baada ya dakika nane mota haishikiki, na jana lilizima lenyewe. Gia kubwa ina meno 86. – Msomaji, Milimani, Kisumu

Hesabu inasema yote. Gawanya 86 kwa 17 upate 5.06, gawanya 86 kwa 23 upate 3.74. Giaboksi ya gari la aina hii huzidisha tena. Tuseme kwake ni 2.72: ulikuwa na uwiano wa 13.8, sasa una 10.2. Kasi ya juu imeongezeka kwa asilimia 35, lakini kwa kila msukumo ule ule wa tairi mota sasa inavuta umeme zaidi kwa asilimia 35 vile vile. Na joto la koili halipandi sawa na mkondo, hupanda kwa mraba wake. Mara 1.35 kwa 1.35 ni kama 1.8. Umekaribia kuongeza joto maradufu kwa kubadilisha gia moja ndogo.

Rudi meno 18. Endesha dakika tano, simama, pima. Ongeza jino moja tu kwa safari, na upime tena mahali pale pale na saa ile ile ya siku. Kipimajoto cha kuelekeza ndicho bora. Mota ikibaki chini ya 70°C uko salama. Ikigusa 80°C, rudisha jino, kwa kuwa juu ya hapo sumaku huanza kupoteza nguvu na hazirudi. Kama huna kipimajoto, weka kidole kwenye ganda la mota: ukishindwa kukiacha kwa sekunde tatu, huenda tayari imekaribia au kupita 60°C. Kidhibiti mwendo kilichozima kilikuwa kinajilinda. Usitafute njia ya kukiondolea ulinzi huo.

Nyasi nazo zinahesabika. Gari lililofungwa kwa lami ya barabarani likiingizwa kwenye nyasi zinazofika katikati ya tairi, ni kama limepanda mlima muda wote. Kama unaendesha nyasini na barabarani kwa zamu, nunua pinioni mbili na ubadilishe. Ni kazi ya dakika kumi ukishazoea karatasi.

Kabla hujalaumu pinioni peke yake, itoe na ulisukume gari sakafuni kwa mkono. Linatakiwa kuteleza lenyewe, kimya, na kusimama polepole. Likikataa kuteleza, kuna beringi iliyokauka au difu iliyobanwa, na mota imekuwa ikilipa deni hilo pia.

Wasomaji wa Nakuru wasidhani baridi ya kwao inawatoa hatarini. Mji uko takriban mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, Kisumu ni kama 1,130. Hewa ya juu ni nyepesi zaidi na hubeba joto pungufu kutoka kwenye mota. Jioni ya baridi Nakuru haipoozi mota kiasi unachotarajia.

Nina klabu ya wanafunzi yenye magari matatu. Huku mvua ni karibu kila alasiri. Baada ya kuendesha kwenye tope tunayaosha kwa maji na kupulizia mafuta ya kopo ya kuzuia kutu. Beringi hazimalizi muhula. – Mwalimu, Kakamega

Mwalimu, pole kwa gharama. Mafuta hayo ya kopo ni mazuri kwa kufukuza maji, lakini si kilainishi cha kudumu. Ni mepesi, huiyeyusha grisi iliyokuwa ndani ya beringi, kisha yenyewe hukauka. Beringi inabaki na kutu na mchanga tu.

Fanyeni hivi siku hiyo hiyo, msisubiri Jumatatu. Tope likiwa bado bichi, liondoeni kwa brashi ya rangi na maji kidogo. Msitumie bomba lenye nguvu, kwani husukuma tope kupita mihuri. Toeni betri kwanza. Lipulizeni kwa pampu ya baiskeli, hasa kwenye vitovu vya magurudumu. Kisha toeni magurudumu na mzungushe kila ekseli kwa vidole mkiwa mmefumba macho. Wanafunzi hujifunza haraka. Beringi nzima haina hisia yoyote. Yenye mchanga hukwaruza kama kiberiti kinachopigwa pole pole, na yenye kutu hushika na kuachia.

Beringi iliyoanza kukwaruza bado inaokoka. Kwa ncha ya sindano inueni muhuri wa raba kuanzia ukingo wake wa ndani, si wa nje, ili usipinde. Iloweni beringi kwenye mafuta ya taa kwa dakika 15 huku muhuri umewekwa kando, maana raba haipendi kukaa humo. Izungusheni ndani ya mafuta, mwageni, wekeni mapya, mpaka yasibadilike rangi. Ikaushwe kabisa. Msiizungushe kwa upepo wa kompresa, maana beringi kavu inayolia kwa kasi huharibika pale pale. Kwa beringi za magurudumu jazeni theluthi moja ya nafasi kwa grisi ya kawaida ya magari. Kwa beringi za mota wekeni matone mawili ya mafuta mepesi ya cherehani, kwa sababu grisi nzito huzuia mzunguko wa kasi. Rudisheni muhuri kwa kidole.

Zitakazokufa, msinunue seti kwa jina la gari. Chukueni vipimo: tundu, kipenyo cha nje, unene. Ya 5 kwa 10 kwa 4 huitwa MR105, ya 5 kwa 11 kwa 4 ni MR115, ya 10 kwa 15 kwa 4 ni 6700. Duka lolote linalouza beringi kwa namba linaweza kuagiza. Herufi ZZ maana yake ni ngao ya bati, 2RS ni muhuri wa raba. Kwa tope la Kakamega na kwa udongo mweusi wa tambarare za Kano karibu na Kisumu, ambao hunata kama unga wa sima, chukueni 2RS hata kama zinazunguka kwa uzito kidogo.

Tunaongeza neno kwa wenzetu wa upande wa vumbi. Jina la Nakuru lenyewe hutokana na neno la Kimaasai lenye maana ya mahali pa vumbi, na vumbi la Bonde la Ufa ni la volkeno, gumu na kali. Gia za wazi, yaani pinioni na gia kubwa, ziacheni kavu. Ukizipaka grisi unatengeneza msasa wa majimaji. Grisi ni ya gia zilizofungiwa ndani ya sanduku tu.

Difu ya mbele inavuja na sijui niweke mafuta gani. Fundi ameniambia oili ya injini inatosha. – Msomaji, Section 58, Nakuru

Haitoshi. Difu za gia hutumia mafuta ya silikoni yanayopimwa kwa sentistoki, yaani kipimo cha uzito wa mafuta: namba kubwa ni mafuta mazito. Kwa gari la 1/10 la magurudumu manne, mahali pazuri pa kuanzia ni 7,000 mbele na 3,000 hadi 5,000 nyuma. Oili ya injini ya namba 40, ikiwa ya joto la kawaida la siku, haifiki hata 1,000. Itazunguka kama maji, gurudumu lililoinuka kwenye kona litachukua nguvu zote, na oili itatoka kwenye mihuri mapema zaidi. Pia angalia chupa: mafuta ya shokomzoba ya silikoni yanafanana kwa rangi lakini namba zake ni za mamia. Hayo si ya difu.

Fungua skrubu nne za difu, futa kila gia hadi ikauke, na ukague gasketi na oringi. Oringi iliyo bapa upande mmoja imekwisha. Paka mpya mafuta yale yale ya silikoni kabla ya kuiingiza. Jaza difu taratibu hadi mafuta yafunike pini ya msalaba na kubaki milimita moja au mbili chini ya ukingo, zungusha gia ndani kwa mkono, kisha iache dakika kumi ili mapovu yapande. Usijaze hadi juu. Mafuta hupanuka yakipata joto na yatatafuta njia ya kutoka, na hiyo mara nyingi ndiyo sababu ya kuvuja kwenyewe. Kaza skrubu kwa mshazari, kidogo kidogo. Ukiwa na mizani ya jikoni ya gramu, pima difu kabla na baada ya kujaza uandike. Safari ijayo utajaza kiasi kile kile na gari halitabadilika tabia.

Mafuta mazito zaidi mbele hulivuta gari linyooke linapotoka konani, lakini hulifanya lisite kuingia. Ukiona usukani umekuwa mgumu kujibu, shuka hadi 5,000.

Nikitoka kwa kasi, nyuma hugonga tak-tak-tak. Nikienda polepole, kimya. – Msomaji, Bungoma

Ondoa magurudumu. Shika ekseli moja na uzuie gia kubwa. Kichezo kikiwa kikubwa kwenye vikombe ambamo ncha za shafti hukaa, angalia kama pini zimechimba mitaro ndani ya kikombe. Mitaro ikiwa ya milimita moja au zaidi, badilisha kikombe na shafti pamoja. Kimoja kipya hulika haraka kwa kingine kilichokwisha.

Vikombe vikiwa vizima, na kama gari lako lina gia ya koni inayokutana na gia kubwa ya difu kwa pembe, gia hizo zimeachana chini ya mzigo na meno yanaruka. Ongeza shimu (washa nyembamba) ya milimita 0.1 kwenye beringi ya difu upande wa mgongo wa gia, mbali na meno, ili gia isogee kwenye koni. Zungusha kwa mkono. Ikibana mahali popote, umezidisha. Usiendelee kuendesha huku inagonga, maana kila mgongano unakula ncha ya jino na shimu haiwezi kuirudisha.

Skrubu ya pinioni imezunguka shimo na haitoki. – Msomaji, Kisii

Shikilia ncha ya chuma cha kulehemu juu ya skrubu kwa dakika moja ili gundi ya nyuzi ilainike, kisha jaribu alenki mpya. Ile ya zamani huenda nayo imeviringika pembe. Ikikataa, gonga ndani biti ya nyota inayokaribia kukataa kuingia, na uzungushe pole. Shikilia pinioni, si mota.

Skrubu mpya isiyo na kichwa ya milimita 3 hutumia alenki ya 1.5, ya milimita 4 hutumia 2, ya milimita 5 hutumia 2.5. Iweke sawa sawa juu ya sehemu bapa ya shafti. Ikikaa kwenye mviringo, itateleza, na utarudi kwenye karatasi na gia mpya wiki hiyo hiyo.